KUANGUKA KWA NJAA: JIBU KWA MWANACHAMA

Kwa desturi kurasa hizi huzungumza habari za mikarafuu, uanikaji na mizani. Safari hii twaomba ruhusa ya kuacha shamba kidogo, kwa sababu ya barua tuliyoletewa na mwanachama mmoja wa Pemba. Ametukubalia tuyataje mambo yake yote ila jina lake, nasi tumeona yafaa yasomwe na wengi kuliko kujibiwa faraghani.

Mwanawe ni mwalimu wa skuli katika Wilaya ya Chemba, Mkoa wa Dodoma. Chemba, kwa wasiopajua, ni wilaya iliyokatwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Mji wake uko kaskazini ya Dodoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya lami iendayo Kondoa na Babati. Ni nchi ya mtama, uwele na alizeti. Mvua huja msimu mmoja tu wa mwaka, na Mpemba aliyezoea matope ya masika huliona vumbi la huko kuwa jambo geni. Lakini Waislamu ni wengi, na Ramadhani hufungwa kama kwetu.

Ni katika Ramadhani ndipo mambo yalipoanza. Kijana alikuwa akifika alasiri hutokwa na jasho jembamba, mikono humtetemeka, moyo humwenda mbio. Siku moja alianza kusema maneno yasiyo na mpango mbele ya wanafunzi, kisha akaanguka. Walimu wenzake wakampa maji ya sukari, na baada ya muda mfupi akainuka kama hana lake. Watu wakasema saumu imemzidi nguvu. Lakini Ramadhani ikesha na kuanguka hakukwisha. Sasa ikawa alfajiri, kabla ya chai. Zahanati moja ilimpa dawa za kifafa. Alipokuja nyumbani likizo wazee wakasema kapatwa na pepo wa bara, akapungwa siku saba. Dawa hazikufaa, na kupungwa hakukufaa. Hivyo ikapita miezi kumi na minane.

Aliyeufungua mlango ni muuguzi mmoja. Asubuhi moja, kijana alipoletwa hajitambui, muuguzi yule hakukimbilia kumpa sukari kwanza. Alimchoma kidole, akapima damu, ndipo akamtia maji ya sukari katika mshipa. Kipimo kilionyesha 2.1. Kutoka hapo akapelekwa hospitali kubwa, na baada ya vipimo vingi akaambiwa ana uvimbe katika mkia wa kongosho, wa sentimita moja na nusu, nao unatoa homoni. Daktari asema upasuliwe.

Ukoo umegawanyika. Mama hataki kisu. Ami zake wanasema mtu anayekula, anayetembea na kufundisha, hapasuliwi tumbo. Baba ametuuliza mambo matatu: Maradhi haya ni nini? Hayana dawa ila kisu? Na kisu chenyewe kina hatari gani? Tutajaribu kumjibu kwa mpango huo huo.

MARADHI HAYA NI NINI

Viungo vya tumbo hupashana habari. Chakula kinaposhuka kutoka tumboni kuingia katika utumbo, kongosho hupata habari na kutoa maji yake ya kuyeyusha chakula. Zamani wataalamu walidhani habari hizo hupita katika mishipa ya fahamu tu. Mwaka 1902 mabwana wawili wa London, Bayliss na Starling, walichukua mbwa wakatenga kipande cha utumbo wake, wakakata mishipa ya fahamu iliyokwenda katika kipande hicho, kisha wakatia asidi ndani yake. Kongosho likatoa maji vile vile. Basi ikajulikana kwamba ujumbe ulipita katika damu. Mwaka 1905 Starling akazipa dawa hizi za mwili jina la homoni, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea. Kwa hivyo tumbo ndilo lililotufundisha homoni ni kitu gani, na si ajabu kwamba vimbe vitoavyo homoni huonekana huko.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mkia wake umegusa bandama. Lina kazi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya maji ya kuyeyushia chakula. Ya pili ni kutoa insulini katika damu. Insulini ni kama karani wa ghala: sukari ikijaa katika damu baada ya chakula, yeye hufungua mlango sukari ikaingia katika nyama za mwili na katika ini, ikawekwa akiba. Mtu akifunga, kongosho lenye afya huzuia insulini, na ini hutoa akiba yake kidogo kidogo. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye afya aweza kufunga tangu alfajiri hadi magharibi, naye akapanda mkarafuu na kuchuma.

Wakati mwingine chembe chache za kongosho huanza kuzaana bila amri, zikafanya uvimbe. Madaktari huuita insulinoma. Uvimbe huu hausikii habari ya njaa wala ya shibe. Hutoa insulini usiku na mchana, na karani huendelea kujaza ghala hata sokoni hakuna kitu. Sukari ya damu hushuka. Ubongo, ambao chakula chake kikubwa ni sukari hiyo, huanza kulia: jasho, kutetemeka, macho kuona viwiliwili, maneno ya ovyo, hasira isiyo na sababu, na mwisho kuanguka na hata kutupa mikono na miguu kama mwenye kifafa. Wagonjwa wengi hugundua wenyewe kwamba wakila hupata nafuu, basi hula kila mara, hata usiku wa manane, wakanenepa. Nani atamdhania maradhi mtu anayenenepa?

Uvimbe wenyewe ni mdogo. Walio wengi hawana uvimbe unaozidi sentimita mbili. Tukiwaambia wanachama kwamba ni kama urefu wa karafuu moja iliyokauka vizuri, hatujakosea sana. Kwa kadiri ya wagonjwa 9 katika 10 uvimbe huwa mmoja tu, na kadiri hiyo hiyo si saratani, yaani hausambai mahali pengine.

Ni maradhi adimu. Katika nchi zilizofanya hesabu, watu baina ya mmoja na wanne katika kila milioni hupatwa kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9 katika Zanzibar na zaidi ya milioni 61 katika Tanzania nzima. Tukitumia hesabu hiyo, visiwani mwetu ni watu wachache tu kwa mwaka, lakini nchi nzima huenda wakawa makumi kadhaa, pengine zaidi ya mia. Wengi wao, kama kijana wetu, yawezekana wanameza dawa za kifafa.

ALAMA TATU

Katika miaka ya 1930 daktari mpasuaji wa New York, Allen Whipple, aliweka kanuni ambayo ingali ikitumika. Alisema asipasuliwe mtu kwa maradhi haya mpaka zionekane alama tatu kwa pamoja. Kwanza, dalili zije mtu anapokuwa na njaa au baada ya kazi nzito. Pili, damu ikipimwa wakati huo huo sukari iwe chini. Tatu, akipewa sukari apate nafuu upesi.

Alama ya kwanza na ya tatu zaweza kuonwa na mke, mama au jirani. Ya pili yahitaji kipimo cha kidole, na lazima kipimwe wakati mtu yumo katika hali ile, si kesho yake akiwa ameshiba. Hapo ndipo wengi hupotea. Mgonjwa hupewa soda njiani, akifika hospitali sukari yake ni nzuri, naye hurudishwa nyumbani. Twarudia: muuguzi yule alifanya kazi kubwa kwa kupima kabla ya kutibu. Katika mtu mwenye afya aliyefunga usiku, kipimo huwa kama 4 hadi 5 na nusu. Kikiwa chini ya 3 pamoja na dalili, jambo hilo lataka kuchunguzwa.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kila aangukaye ana uvimbe. Sukari hushuka kwa sababu nyingine zilizo za kawaida zaidi: mgonjwa wa kisukari aliyezidisha dawa au sindano, malaria kali hasa kwa watoto, pombe juu ya tumbo tupu, maradhi ya ini. Wako hata waliomeza vidonge vya kisukari vya mtu mwingine kwa kudhani ni dawa ya mgongo. Kwa hivyo hospitali humlaza mgonjwa na kumfungisha mbele ya macho ya waangalizi, huenda hata saa 72, wakimpima mara kwa mara. Sukari ikishuka, damu huchukuliwa ili kuona kama insulini ingali juu na kama inatoka katika kongosho lake mwenyewe, na pia kama hakuna kidonge alichomeza. Baada ya hayo ndipo hutafutwa uvimbe uko wapi, kwa picha za mitambo na kwa chombo kipitishwacho kinywani mpaka tumboni ili kulitazama kongosho kwa karibu. Kijana wetu amepita njia hiyo yote. Kwa hivyo ami zake wasifikiri daktari amebahatisha.

HAKUNA DAWA ILA KISU?

Dawa ziko. Iko iitwayo diazoksidi, ambayo huzuia insulini isitoke kwa wingi. Na kula kidogo kidogo mchana na usiku kwasaidia. Hizo hutumika kumngojesha mgonjwa mpaka siku ya upasuaji, au kwa yule ambaye mwili wake hauwezi kuhimili kisu. Lakini haziondoi uvimbe. Mtu hubaki mtumwa wa saa na chakula, na siku akilala usingizi mzito kupita kiasi aweza asiamke. Tena kila mara sukari ishukapo sana na kwa muda mrefu, ubongo waweza kudhurika. Mtu huyu akiwa juu ya mkarafuu, au nyuma ya usukani, au katika ngarawa, hatari si yake peke yake.

Historia ya kisu hiki ni fupi na yenye mafunzo. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mwaka 1927 Dakta Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alitoa habari za mgonjwa ambaye mwenyewe alikuwa daktari, aliyekuwa akianguka kwa sukari kushuka. Walipompasua waliona uvimbe wa kongosho umekwisha kuingia katika ini, na hawakuweza kuutoa. Baada ya kufa kwake walitengeneza dawa kutokana na uvimbe ule, wakawadunga sungura, na sukari ya sungura ikashuka. Hapo ikathibitika uvimbe waweza kutengeneza insulini. Miaka miwili baadaye, 1929, Roscoe Graham, mpasuaji wa Toronto huko huko, alitoa uvimbe wa namna hiyo kwa mgonjwa mwingine, na mgonjwa akapona. Tangu siku hiyo imejulikana kwamba mtu akiwahi, hupona.

KISU KINA HATARI GANI

Kazi ya mpasuaji hutegemea mahali ulipo uvimbe. Ukiwa juu juu, mbali na mfereji mkuu wa kongosho, huukokoa peke yake kama mtu atoavyo kokwa. Ukiwa katika mkia, mara nyingi hukata sehemu ya mkia pamoja na uvimbe. Ukiwa katika kichwa na umezama, kazi huwa kubwa zaidi, kwa kuwa hapo pana mfereji wa nyongo na mwanzo wa utumbo. Mahali pengine kazi hii hufanywa kwa matundu madogo, pengine kwa kufungua tumbo. Mpasuaji hupapasa kongosho lote kwa vidole na kulipima kwa mtambo wa mawimbi ya sauti hapo hapo mezani, ili asiache uvimbe mwingine. Zamani, wasipouona, walikuwa wakikata mkia kwa kubahatisha. Siku hizi desturi hiyo imeachwa.

Hatari ziko, na haifai kumficha baba. Ya kwanza ni kuvuja. Maji ya kongosho ni makali, yameumbwa kuyeyusha nyama; yakivuja mahali palipokatwa, mgonjwa huwekewa mpira wa kuyatoa nje, na hukaa hospitali zaidi. Jambo hili hutokea mara nyingi, na kwa wengi hukoma lenyewe. Ya pili ni kutoka damu na kidonda kuoza, kama katika upasuaji wowote wa tumbo. Ya tatu ni kisukari, ikiwa sehemu kubwa ya kongosho imekatwa. Ya nne yahusu sana nchi yetu: kwa kuwa mkia wa kongosho umepakana na bandama, pengine bandama hulazimika kutolewa. Mtu asiye na bandama huishi, lakini malaria na vijidudu vingine humshambulia kwa ukali. Ni lazima achanjwe, alale ndani ya chandarua maisha yake yote, na akipata homa asingoje hata usiku mmoja.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Kwa uvimbe mmoja usio wa saratani, ukitolewa wote, zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 hupona kabisa. Siku za kwanza sukari hupanda kupita kawaida, kwa sababu kongosho lililokuwa limekandamizwa lajifunza kazi upya. Watu wa nyumbani wasiogope wakidhani amepata kisukari; kwa kawaida ni dalili njema, nayo hupita. Baada ya hapo mtu hula kama watu, hulala usiku kucha, na akiruhusiwa na daktari hufunga.

JAMAA ZA UVIMBE HUU

Vimbe vitoavyo homoni si vya insulini tu. Mwaka 1955 Zollinger na Ellison, wa Columbus katika Marekani, walieleza uvimbe utoao homoni ya kuchochea asidi, hata mtu akapata vidonda vya tumbo visivyopona. Wakati ule tiba ilikuwa kukata tumbo lote la chakula. Siku hizi ziko dawa za kuzuia asidi, na kisu huulenga uvimbe wenyewe.

Uko na mwingine utokeao sana katika kidole tumbo na mwishoni mwa utumbo mwembamba, ambao Oberndorfer wa Ujerumani aliupa jina la kasinoidi mwaka 1907. Baadhi yake hutoa homoni iitwayo serotonini. Ukifika katika ini, mgonjwa huwiva uso, huharisha, hubanwa na kifua, na hata moyo wake upande wa kulia huharibika. Mpasuaji hukata kipande cha utumbo pamoja na tezi zake, naye hupewa dawa maalumu kabla ya kisu ili homoni isimwagike kwa ghafla katika damu.

Kuhusu uvimbe huu wakulima twapaswa kujua jambo moja. Hupimwa kwa mkojo wa saa 24, na ndizi, mananasi, maparachichi na nyanya huweza kukiharibu kipimo, kwa kuwa vyakula hivyo vina serotonini au vitu vya jamii yake. Huko Uganda, ambako ndizi ndiyo chakula, Dakta Davies alieleza mwaka 1948 maradhi ya moyo kukakamaa kwa ndani, na katika miaka ya 1960 baadhi ya wataalamu walidhani sababu ni serotonini ya ndizi, kwa mfano wa kasinoidi. Dhana hiyo haikuthibitika, na ndizi zetu hazina kosa. Lakini mtu akiambiwa asile matunda hayo siku chache kabla ya kipimo, atii.

MANENO YETU KWA BABA

Mwanachama mwenzetu, hatuwezi kukuamulia, wala hatuko mahali pa daktari. Tutakueleza yale ambayo tungeyafanya angekuwa ni mtoto wetu. Tungemwendea mpasuaji pamoja na mama wa kijana na ami zake, tukamwuliza mambo haya: Utaukokoa au utakata mkia? Bandama itabaki? Wewe na wenzako mmefanya kazi ya kongosho mara ngapi, na kama ni chache, wapi wamefanya zaidi? Akitupeleka mbele, kutoka Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa Dodoma mwaka 2015, au kutoka Mnazi Mmoja, hata Muhimbili, tusione ni kutufukuza. Kongosho lataka mkono uliozoea. Pia tungeuliza kama katika ukoo yuko mwingine mwenye mawe ya figo yasiyokwisha, au vidonda vya tumbo vikaidi, au uvimbe wa tezi. Kwa kuwa katika kadiri ya mgonjwa mmoja kwa kumi maradhi haya hurithiwa pamoja na mengine, na hapo ndugu nao hupimwa.

Kungoja muda mrefu bila sababu hatukushauri. Steve Jobs, tajiri wa Marekani aliyeanzisha kampuni ya Apple, aligunduliwa mwaka 2003 kuwa na uvimbe wa kongosho wa jamii hii ya homoni. Akajaribu vyakula na tiba nyingine, akakubali kisu mwaka 2004, na akafariki 2011. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba angewahi angepona. Lakini fedha si kitu alichokosa.

Mpaka siku ya upasuaji ifike, kijana asifunge. Ruhusa ya mgonjwa inajulikana, na kwa kadhaa au fidia wako wanazuoni wa kuulizwa. Asiendeshe chombo. Alale na mtu chumba kimoja. Awe na sukari mfukoni, na wenzake wa Chemba wajue la kufanya: akiwa ana fahamu apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha chakula. Akiwa hana fahamu asimiminiwe kitu kinywani, maana chaweza kuingia mapafuni. Alazwe ubavu na apelekwe upesi atiwe sukari kwa mshipa.

Kwa wanachama wote neno letu ni moja. Msimu wa kuchuma waja, na kila msimu husikia kuwa fulani kaanguka kwa njaa chini ya mkarafuu. Akianguka mara moja, huenda ni njaa. Lakini akiwa mtu yule yule huanguka kila awapo na njaa, na kila mara huinuliwa kwa sukari, msikimbilie kusema kifafa wala pepo. Mpelekeni apimwe kidole, na mmwambie mpimaji: apimwe sasa hivi, kabla hajainuka.